Njiti ya Kiberiti na Kabati la Mwasiti

Jumatatu, 23 Novemba 2009
Asubuhi mawingu mazito upande wa Nakonde, baridi ya kuvaa sweta, mvua haijashuka. Chumba cha nyoka saa kumi na mbili na nusu: nyuzi 19. Nimewasha balbu zote.

Mzee Yassir amerudi jana kutoka safari na amekuja na mgeni. Anaitwa Mwasiti, mwanamke wa miaka ishirini na nane au tisa, mwembamba, sauti ya chini kama mtu anayeongea karibu na mtoto aliyelala. Mzee amesema amefanya kazi miaka sita kwa mfugaji mmoja wa nyoka huko Muheza, na kwamba amemleta "atusaidie kupanga."

Sikujua kama tulikuwa hatujapangwa. Ninawatunza nyoka wa Mzee miaka minne na miezi mitatu sasa. Nilikuja kwake kuwa karani wa ghala, yeye akiwa na malori matano yanayopita mpakani. Dereva wake mmoja alipomletea chatu mchanga ndani ya gunia, makuli wote walikimbia na mimi sikukimbia. Basi akanikabidhi. Leo wako kumi na saba na wote kawapa majina ya kazi yake ya malori: Semi ndiye chatu mkubwa, futi kumi na moja, halafu Fuso, Kipisi, Tandamu, Tela na wengine. Masanduku yao kumi na saba nimeyachora mimi, moja moja, kwa rula, na mbao zake zilitoka kwa baba yangu, mpasua mbao kule Itumba.

Mwasiti aliyazunguka yote polepole, mikono nyuma. Akasema, "Mazuri sana, dada. Ila yanakula nafasi."

Jumatano, 25 Novemba
Manyunyu. Nyuzi 20.

Ofisi ya wanyamapori ya wilaya imekubali Mzee awaonyeshe wanafunzi nyoka wake, kwa masharti. Kila nyoka awe na mahali pake pasipopitika, na ukaguzi utafanywa mvua zikiisha. Nyoka mmoja akionekana nje, kibali kinafutwa na wote wanachukuliwa. Tena kwenye fomu lazima liandikwe jina la mtunzaji mkuu, mtu mmoja tu, na yeye ndiye atakayeshika ufunguo. Mzee alisema jina ataliandika siku ya ukaguzi, baada ya kuona kazi. Aliposema hivyo alitutazama sote wawili kwa zamu.

Mwasiti amechora kabati. Ni refu kama mlango, lina shelfu nane, na kila nafasi inaingia trei mbili za plastiki kama droo. Trei hazina vifuniko. Shelfu ya juu ndiyo kifuniko cha trei ya chini yake. Kati ya ukingo wa trei na ubao pawe na upenyo wa kupitisha hewa tu, milimita mbili. Nyuma kuna uwazi wa balbu, joto linapanda lenyewe. Nyoka kumi na sita kwenye ukuta mmoja. Semi peke yake atabaki kwenye sanduku langu kwa sababu hana trei inayomtosha.

Ni wazo zuri. Nimeandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayesoma.

Jumatano, 2 Desemba
Mvua ya kwanza ya maana, saa tisa hadi kumi na moja.

Tumevuka mpaka hadi Nakonde, Zambia, kutafuta trei. Mwasiti hajui Kibemba hata salamu. Mimi ndiye niliyesema mulishani mukwai, mimi ndiye niliyepima trei kwa rula mpaka nikapata kumi na sita zinazolingana, mimi ndiye niliyebeba nane kichwani. Tuliporudi Mzee akasema, "Mwasiti, umepata trei nzuri." Mwasiti akasema tumepata wote. Alisema hivyo vizuri sana, kwa unyenyekevu, mpaka yeye ndiye akaonekana mwema na mimi nikaonekana mtu wa kutajwa kwa hisani.

Jumanne, 8 Desemba
Mvua tangu alfajiri. Nyuzi 18.

Mbao zimeletwa kwa fundi Lusubilo, misonobari kutoka Ileje. Nilipita kibandani kwake kuziangalia. Wapasua mbao wa kwetu huchora mstari mmoja wa mkaa kwenye kichwa cha ubao kwa kila mwezi ambao ubao umekaa kwenye rundo ukikauka. Baba hauzi ubao wenye mistari chini ya minane. Hizi hazikuwa na mstari hata mmoja. Nikaweka shavu kwenye ubao kama anavyofanya baba. Ulikuwa wa baridi kama ukuta wa kisima.

Nikamwambia Lusubilo zimepasuliwa wiki hii. Akacheka. "Shemeji wa nyoka, mbao za Tunduma zinakaukia nyumbani kwa mteja. Mlango ukikaza napunguza kwa randa, ukilegea naongeza kibanzi. Mzee anataka kabati kabla ya Krismasi, mimi nimkatalie?"

Yeye ni fundi wa milango. Mlango ukiachia upenyo wa kidole, anayepita hapo ni upepo tu.

Jumatano, 9 Desemba
Mvua.

Leo nataka niandike sawasawa.

Shelfu za kabati ni pana, kwa hiyo kila moja imeungwa kwa mbao mbili zilizolazwa ubavu kwa ubavu. Mbao mbichi zikikauka husinyaa kwa upana na kujikunja kama ganda la ndizi. Zile mbili zitaachana katikati na kingo zitainuka. Na kwa kuwa shelfu ndiyo kifuniko, kila trei itakuwa na ufa juu yake. Haitatokea sasa. Mvua zikiisha na upepo mkavu wa Mei ukianza, ndipo itatokea.

Lusubilo anajua mbao lakini hajui nyoka. Mwasiti anajua nyoka, lakini kwao hewa ina maji mwaka mzima na hajapata kuuona upepo wetu. Katika nyumba hii mtu anayejua vyote viwili ni mimi.

Saa nne Mwasiti alinifuata nilipokuwa nalisha panya tunaofuga kwa chakula cha nyoka. Akaniuliza, kwa maneno yake haya haya: "Dada Tuntufye, nasikia wewe ni mtoto wa mpasua mbao. Zile mbao zitatulia?"

Nilikuwa na panya mkononi. Nikasema, "Fundi ndiye anayejua mbao."

Akashukuru, akaenda.

Jumatatu, 14 Desemba
Mvua. Hakuna jipya.

Jumamosi, 19 Desemba
Asubuhi jua, mchana radi.

Kabati limekamilika. Limepakwa vanishi, linang'aa. Mzee alivuta trei ya Fuso, akairudisha, akavuta tena, kama mtoto na droo ya mama yake. Amewaita majirani wawili waje kuona. Kwenye kona masanduku yangu kumi na sita yamepangwa juu kwa juu, mazito, vioo vikitazama ukuta. Mzee amesema labda yatafaa kufugia kuku.

Lusubilo alisikia. Tulipotoka akaniambia, "Shemeji, usinune, kuku nao ni viumbe."

Jumanne, 22 Desemba
Mvua usiku kucha.

Tandamu ametaga mayai tisa. Ni wa aina inayoitwa nyoka wa nyumbani, rangi ya kahawa, hana sumu, mpole kuliko paka. Nimeyakuta mimi saa moja asubuhi. Nimeyahamishia kwenye kopo lenye mchanga wenye unyevu bila kuyageuza, nikaweka alama ya penseli upande wa juu wa kila yai. Mwasiti alipokuja nilikuwa nimemaliza. Nilifurahi.

Ijumaa, 25 Desemba
Kanisani. Wali na nyama kwa Ketrina, jirani wa Mzee. Sikuwafikiria nyoka mpaka jioni.

Jumatatu, 11 Januari 2010
Mvua kubwa, barabara ya Sogea imekatika.

Nimeanza kupima. Kila Jumatatu, Mwasiti akiwa jikoni, nitaingiza njiti ya kiberiti kwenye ungio la mbao mbili, shelfu zote nane. Leo njiti haipiti popote.

Jumatatu, 18 Januari
Mvua. Haipiti.

Jumatatu, 25 Januari
Mvua. Haipiti.

Jumamosi, 6 Februari
Ukungu mpaka saa tatu.

Mzee amempa Mwasiti ufunguo wa chumba cha nyoka, niliokuwa nao mimi. "Kwa muda," alisema, kwa sababu Mwasiti analala chumba cha uani na mimi nimepanga mtaa wa pili, na umeme ukikatika usiku lazima mtu aingie kuweka chupa za maji ya moto. Sababu haina kasoro. Nimeitafuta kasoro siku nzima.

Asubuhi sasa nabisha hodi. Nabisha hodi kwenye chumba ambacho bawaba za mlango wake nilizichagua mimi. Yeye anafungua, amekwishajua joto la chumba, amekwishaandika. Mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Anampapasa Semi kwa mkono mzima, siyo kwa vidole kama mimi, na Semi anatulia. Jana alikuwa anaimba chini chini akibadilisha magazeti ya trei, na nikatamani Fuso amng'ate, siyo sana, kiasi cha kuomba plasta.

Nimesoma mistari hii mara mbili. Naiacha.

Jumatatu, 8 Februari
Mvua. Haipiti.

Jumamosi, 27 Februari
Mvua nyepesi. Nyuzi 24 kwenye kopo.

Mayai yameanguliwa. Nilipobisha hodi saa moja, Mzee alikuwa tayari yuko ndani amevaa kanzu na kandambili, amechuchumaa, anacheka peke yake. Mwasiti alimwamsha yeye kwanza. Siku sitini na saba nimelinyunyizia kopo lile maji kwa vidole.

Wametoka saba. La nane lilikuwa limechanika kidogo tu na mtoto amechoka, nikalipanua kwa ukucha akatoa kichwa. La tisa limeharibika. Ni wembamba kama penseli, vichwa vidogo kuliko kunde. Nimewapa namba, kila mmoja na alama yake mkiani. Niliyemsaidia ni namba nane.

Mwasiti amewaweka kwenye trei za juu kabisa, ambako joto ni zuri, na wakubwa waliokuwamo amewashusha wawili wawili kwa muda. Shelfu ya kwanza na ya pili.

Nilitaka kusema kitu. Mzee akasema, "Muheza hawakukosea kumsifia huyu binti." Nikaanza kuokota maganda ya mayai.

Jumatatu, 15 Machi
Mvua siku ya tisa mfululizo.

Mbao zimevimba. Trei za chini hazitoki mpaka uvute kwa mikono miwili. Mwasiti amefurahi, anasema kabati limebana kama friji. Njiti haipiti, hata wembe haupiti.

Nilirudi nyumbani nina hasira, na nilipofika mtaa wa pili ndipo nilipogundua nina hasira kwa sababu kabati halijaharibika.

Jumanne, 6 Aprili
Mvua za vipindi.

Barua kutoka Itumba, baba anaumwa kifua. Nimeomba ruhusa. Mwasiti amesema nisiwaze, atafanya zamu zangu.

Jumatatu, 12 Aprili
Jua la kwanza la siku nzima.

Nimerudi. Baba ana nafuu, anakohoa lakini amekaa nje. Nilimsimulia habari za kabati kama kitu cha kuchekesha, fundi wa Tunduma na mbao zisizo na mkaa. Hakucheka. Aliniuliza, "Sasa wewe ulisema nini?" Nikaenda kuchota maji.

Mwasiti ameniandikia kila siku niliyokosa, ukurasa mmoja mmoja: nani amekula, nani amejivua gamba, joto la asubuhi na jioni. Juu ya kila ukurasa ameandika "Zamu ya Tuntufye." Mzee hakupewa karatasi hizo, nimepewa mimi. Hata hilo limeniudhi. Nilitaka anipe sababu ya kumchukia.

Sikupima.

Jumatatu, 10 Mei
Baridi kavu, anga safi, vumbi limerudi. Upepo umeanza.

Kichwa cha njiti kinaingia, shelfu ya kwanza.

Jumatatu, 17 Mei
Upepo. Midomo inapasuka.

Njiti imepita shelfu ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kwa rula: milimita tatu, mbili, mbili. Barua ya ukaguzi imefika: watakuja Alhamisi tarehe 3 Juni.

Mwasiti alikuwa anaipiga mswaki trei ya Kipisi. Ungio liko juu kwenye kivuli na yeye hatazami juu, anatazama nyoka. Anaamini kile alichopima Desemba.

Nilisema nitamwambia kesho.

Jumanne, 18 Mei
Upepo. Sikumwambia.

Jumatatu, 24 Mei
Upepo mkali, mabati yanapiga kelele.

Shelfu ya kwanza milimita tano katikati, na ukingo wa mbele umejikunja umeinuka nne. Ya pili nne. Ya tatu nne. Kwenye ufa wa shelfu ya kwanza zinapita njiti mbili zikilala pamoja.

Nilifunga daftari nikakaa kwenye ngazi ya nje. Mwasiti akaja akaniuliza kama naumwa. Nikasema upepo.

Alhamisi, 27 Mei
Asubuhi tulivu, barafu nyembamba kwenye majani ya uani. Nyuzi 15.

Saa mbili kasorobo Ketrina alisimama kwenye geti la Mzee, kitenge amekifunga kifuani na koleo mkononi. Juu ya koleo kulikuwa na kitu kama kamba ya kiatu.

"Haka ni kenu?" akauliza.

Nilikajua kabla sijakasogelea. Alama ya mkia, namba nane.

"Kalikuwa kwenye ndoo yangu ya unga," Ketrina alisema. "Nimeingiza mkono nichote wa uji, kanajinyoosha. Nimekapiga mwiko. Sasa Tuntufye, mimi nina wajukuu wawili ndani, na unga wote ule nani ataula? Niende kwa mwenyekiti wa mtaa au niende wapi?"

Mwasiti alitoka mbio, akaona, akarudi ndani mbio. Nilimsikia anavuta trei moja baada ya nyingine. Aliporudi uso wake ulikuwa umeishiwa damu. Namba mbili naye hakuwepo.

Mzee alitoka na kikombe cha chai. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Aliuliza ufunguo ulikuwa kwa nani. Mwasiti akasema kwake. Akauliza kabati ni la nani. Mwasiti akasema ni lake. Akauliza limekosewa nini. Mwasiti aliingia, akapandisha mkono juu ya shelfu ya kwanza, akapitisha kidole kwenye ufa.

"Mbao zimeachana, Mzee. Sikuliona hilo. Kosa langu."

Nilisimama nyuma yake hatua mbili. Nilikuwa na maneno yote, nilikuwa nayo tangu tarehe tisa Desemba, nikampokea Ketrina koleo lake.

Mwasiti akamfuata Ketrina kwake. Alinunua unga mwingine, akaubeba mwenyewe, akaenda kupiga magoti jikoni kwa mtu asiyemjua. Ketrina amekubali kunyamaza mpaka ukaguzi upite, lakini siyo zaidi ya hapo.

Nimemzika namba nane chini ya bomba la uani. Nimesafisha koleo nikamrudishia Ketrina. Tuliwahamisha watoto sita waliobaki kwenye makopo yenye vifuniko. Namba mbili hajapatikana.

Ijumaa, 28 Mei
Baridi, upepo.

Saa tano Mzee aliniita barazani. Akaweka ufunguo mezani, akausukuma kwangu kwa kidole. Akasema Mwasiti atapanda basi la Jumapili, turudishe masanduku yangu haraka, na fomu niijaze jina langu. "Nilikosea, Tuntu," alisema. "Mtu nilikuwa naye hapa hapa, nikaenda kumtafuta mbali."

Miezi sita nimeyasubiri maneno hayo, na hata nilivyoyawaza usingizini hayakuwa matamu hivyo. Nilitoka na ufunguo umeniachia alama ya meno yake kwenye kiganja.

Fomu iko hapa mezani. Jina la mtunzaji mkuu: nukta nyingi zinasubiri. Kalamu haina tatizo.

Jumamosi, 29 Mei
Baridi. Sikutazama kipimajoto.

Nilikwenda chumba cha uani saa moja asubuhi. Mwasiti alikuwa anakunja kanga zake na kuzipanga ndani ya begi. Alinikaribisha niketi. Sikuketi.

"Nilijua," nikamwambia.

"Ulijua nini?"

"Mbao. Toka siku zilipoletwa. Nilijua zitaachana Mei."

Aliikunja kanga aliyokuwa nayo mpaka mwisho, pembe kwa pembe.

"Nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza."

"Nilikuja pale kwenye panya nikakuuliza kwa mdomo wangu. Ukasema fundi."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Nilitafuta jibu la heshima na halikuwepo. Nikasema, "Wivu."

Alicheka kidogo, cheko kavu kama kikohozi. "Wivu wa nini? Nimekuja huku simjui mtu. Baridi inanitoa machozi, chakula sikijui, kila usiku umeme ukikatika naamka peke yangu na chupa za maji. Wewe watu wote sokoni wanakuita jina. Ulikuwa unanionea wivu kitu gani?"

Nikaangalia begi lake. Akauliza tena, safari hii kama mtu wa kazi: "Ulijuaje kwamba ni Mei? Ulikuwa unapima?"

"Jumatatu karibu zote."

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Lete."

Vipimo vyote viko humu, kwenye daftari hili. Viko katikati ya mambo mengine. Nilisimama pale nikifikiria kuvinakili kwenye karatasi, na nikaona kwamba nikinakili nitakuwa nimeanza tena kuficha. Nikaenda nyumbani nikalileta, nikampa.

Alisoma amesimama dirishani, tangu ukurasa wa tarehe 23 Novemba. Sijawahi kusubiri muda mrefu vile. Niliona anafika Februari, penye Fuso na plasta, kwa jinsi ukurasa ulivyokaa bila kugeuzwa. Niliona anafika Aprili. Alipomaliza alirudi nyuma kurasa mbili, akaweka kidole.

"Tarehe 24, shelfu ya pili na ya tatu zote umeandika nne. Ni katikati au ukingoni?"

"Katikati."

"Na ukingo?"

"Sikupima ukingo wa hizo."

"Basi twende tukapime," akasema, akatangulia.

Mzee tulimwambia pamoja, baada ya kupima. Alichukua tasbihi yake, akaizungusha yote, akaanza upya. Halafu akanyoosha mkono nikaweka ufunguo juu yake, naye akampa Mwasiti. Akamwuliza Mwasiti kama nami nifukuzwe. Mwasiti akasema, "Abaki. Mbao za nchi hii mimi sizijui." Hakusema zaidi, na hakunitazama aliposema.

Jumatatu, 31 Mei
Upepo. Kazi.

Namba mbili amepatikana nyuma ya tundu la panya, hai, tumbo limejaa. Alikula kichanga cha panya.

Tumetoa trei zote. Chini ya kila shelfu tunafunga kipande cha plaiwudi kufunika ungio, na mbele kibanzi cha unene unaolingana na kile ambacho ukingo umepoteza: shelfu ya kwanza milimita saba sasa, ya pili tano, ya tatu sita, hivyo hivyo hadi ya nane. Plaiwudi tunaikaza skrubu upande mmoja tu ili mbao ziendelee kusinyaa bila kupasua. Hilo la upande mmoja ni la baba. Lusubilo anakata, mimi nasoma vipimo, Mwasiti anakaza. Lusubilo alijaribu utani mara mbili, hakuna aliyecheka, akaanza kupiga mluzi.

Jumatano, 2 Juni
Upepo. Njiti haipiti shelfu yoyote.

Alhamisi, 3 Juni
Asubuhi baridi kali, jua limetoka saa moja na nusu. Nyuzi 17, saa tatu nyuzi 26.

Afisa amefika saa nne, kijana mwenye miwani na ubao wa kuandikia. Alivuta trei zote kumi na sita. Aliingiza kalamu, kisha rula, kisha kona ya karatasi kati ya trei na shelfu. Karatasi tu ndiyo iliyopita. Akainama akaangalia chini ya shelfu na tochi ya simu, akaiona plaiwudi na skrubu za upande mmoja. Akasema amezunguka kwa wafugaji wengi na hajawahi kuona mtu aliyefikiria mbao zitakavyokuwa mwakani. Akauliza nani amebuni.

Mzee alinitazama. Lusubilo alinitazama.

Mwasiti alinitazama pia, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi, moja kwa moja, bila kupepesa. Halafu akamgeukia afisa akasema, "Mimi."

Iliniuma. Iliniuma pale pale, kama siku alipoyazunguka masanduku yangu mikono nyuma. Wivu haukuwa umeenda popote. Nilikuwa na mdomo, na afisa alikuwa hatua moja kutoka kwangu, na baba yangu ndiye mwenye hilo la skrubu.

Nikasema, "Ndiyo, ni yeye," nikaenda kumletea afisa maji ya kunawa.

Kibali kimepita. Jina kwenye fomu ni Mwasiti. Zamu yangu kesho ni ya asubuhi, nitabisha hodi.

Naongeza mstari huu Ijumaa asubuhi: jana nililala saa mbili na dakika ishirini usiku, mapema kuliko siku yoyote tangu Desemba.